Mtoto Niliyempandisha Darasa

Ninyi mnaohesabu wanafunzi kwa kishikwambi, mkabonyeza mara mbili jumla ikajitokeza yenyewe, nawaonea wivu kidogo na kuwahofia kidogo. Mimi nilihesabu watoto kwa kalamu na rula kwa miaka thelathini na ushei, nikiwa afisa takwimu katika ofisi moja ya elimu huku pwani. Ofisi yenyewe sitaitaja, wala shule nitakayoisimulia, na baadhi ya majina nimeyabadilisha, kwa sababu wahusika wengi bado wako hai na tunakutana sokoni. Naitwa Zuhura. Nimestaafu, nalima mchicha nyuma ya nyumba, na wajukuu wananisomea magazeti ingawa macho yangu ni mazima. Napenda tu kuwasikia wakisoma.

Nitawaeleza kosa langu kubwa kuliko yote, na jinsi wafanyabiashara wawili, mmoja wa samaki na mmoja wa chumvi, walivyonifundisha kazi niliyodhani nimeshaimaliza kuijua.

Makosa madogo nilianza nayo mapema. Mwaka wangu wa kwanza nilichanganya safu mbili katika fomu, idadi ya matundu ya vyoo nikaiandika kwenye safu ya walimu. Shule moja ndogo ikajikuta ina walimu wengi kuliko chuo. Mwalimu mkuu wake akaandika barua ya heshima sana akiomba aelekezwe wapi awapokee walimu wapya, maana nyumba za kuwaweka hana. Mzee Kondo, bosi wangu wa wakati ule, aliisoma barua ile mbele yangu taratibu, neno kwa neno, kisha akanipa rula yake ya mbao ambayo siku zote aliichomeka kwenye soksi. Akasema niiweke chini ya kila mstari ninapohamisha namba, na macho yasitangulie mkono. Hilo lifanyeni hata leo. Skrini nayo ina mistari.

Mzee Kondo alinifundisha mengi. Aliniambia nikifika shule na kutaka kujua wanafunzi ni wangapi kweli, nimwache mwalimu mkuu amalize hotuba yake, halafu niende jikoni kumsalimia mpishi wa uji, kwa kuwa mpishi hapiki uji wa mtoto asiyekuja. Alinifundisha kulitazama daftari la mahudhurio kama fundi anavyotazama kazi: alama za vema za siku tofauti hazifanani, kuna siku kalamu imebadilika, kuna siku mwalimu ana haraka. Ukiona mwezi mzima umewekwa vema kwa wino mmoja na mkono uleule, jua umejazwa kwa kikao kimoja. Haya yote nayaamini mpaka leo.

Lakini alinifundisha pia kunyoosha. Kama darasa la nne la mwaka huu lilikuwa na watoto wengi kuliko darasa la tatu la mwaka jana, na hakuna taarifa ya waliohamia, basi tunanyoosha: tunapunguza hapa, tunaongeza pale, mpaka safu zifunge. Hatukuona kuwa ni uongo. Tuliona ni usafi, kama mtu anayekunja nguo. Nikawa hodari kuliko yeye. Ofisi ya juu ilituma watu waje kutazama mafaili yangu, na mimi niliwatolea kwanza fomu za shule moja iliyo njia ya kwenda Fukayosi, ambazo zilifika kabla ya zote, hazina mfuto wala doa. Mwalimu mkuu wake, Mwalimu Nassoro, nilimsifu hadharani mara nyingi. Nilikuwa nawaambia wenzake wakajifunze kwake.

Hapo ndipo anapoingia Bi Mwantumu.

Wakazi wa Bagamoyo wa umri wangu wanamjua mama wa aina yake. Alikuwa ananunua samaki mnadani, wanawake kadhaa wanamkaangia, na matenga yanapelekwa Dar kila siku. Alikuwa mtu mzima kunizidi, amejifunga kanga mbili, miwani ameitia kamba. Alikuja ofisini na Bwana Hemedi, mwenye mashamba ya chumvi na mashine ya kufungashia. Nikainuka kumpa Bi Mwantumu shikamoo na kiti, nikidhani wamekuja kuombea mjukuu uhamisho. Kumbe wafanyabiashara wa mji walikuwa wameanzisha umoja wao, na wamewatuma hawa wawili.

Bwana Hemedi ndiye aliyeanza. Alieleza kwamba amewaajiri vijana wa kuchanganya madini joto kwenye chumvi, na ukutani amebandika karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili chepesi. Kijana mmoja akakosea kipimo kwa wiki nzima, chumvi yote ikamwagwa. Alipomwita na kumwambia asome karatasi, kijana akasimama mbele yake akiitazama, jasho linamtoka. Alikuwa amemaliza darasa la saba. Bwana Hemedi akawajaribu na wengine, akaona yule hakuwa peke yake. Hakumfukuza mtu. Aliandika majina ya shule walizosoma, na sasa alitaka nimwonyeshe ofisi yetu inajua nini kuhusu shule zile.

Nilifurahi. Watu wa biashara wakija kwetu huwa wanakuja kutoa madawati na kupigwa picha. Nikawafungulia mabango yangu ukutani, yenye rangi, nikawaonyesha mistari inavyopanda. Bi Mwantumu akavaa miwani, akausogelea ukuta kama anayechagua kitambaa dukani.

Akauliza, "Walioanza la kwanza pamoja na hao vijana wa Hemedi, wako wapi wote?"

Nikamwonyesha safu. Hawa hapa la kwanza, hawa hapa la pili, na kadhalika mpaka la saba.

"Na unajuaje kama ni walewale, mwanangu?"

Nikamweleza kuwa majina hubaki shuleni, ofisini tunapokea jumla. Akavua miwani. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye akipeleka matenga ya samaki mjini, kila tenga limefungwa kipande cha kanga ya mwanamke aliyemkaanga samaki wake. Tenga likifika limepungua au limeharibika, anajua limetoka kwa nani na limeharibikia wapi njiani. Angekuwa anahesabu matenga tu, wangemwibia mpaka amalizike na hesabu yake ingekuwa sawasawa kila jioni.

Wanangu, nilikuwa na vyeti viwili vya takwimu. Swali lile sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote, na kubwa zaidi, sikuwahi kujiuliza.

Waliomba jambo moja tu: wachague shule moja, tukaisome kwa majina. Mimi, kwa majivuno, nikawachagulia shule ya Mwalimu Nassoro. Nilitaka waone shule inayojua kutunza kumbukumbu.

Tulikwenda na gari la Bwana Hemedi baada ya masika kuisha, mimi nyuma na madaftari yangu, Bi Mwantumu mbele. Mwalimu Nassoro alitupokea vizuri. Nilipokuwa nafungua daftari la darasa la tano, Bi Mwantumu alikuwa ameshajiendea jikoni bila kufundishwa na mtu, kuzungumza na mpishi. Akarudi akaninong'oneza kwamba sufuria ya uji ni ndogo kwa darasa moja la kitabu changu, sembuse shule nzima. Nikageuza kurasa. Vema zote zilikuwa za wino mmoja na mkono mmoja. Miaka yote ile nilikuwa nazitazama jumla za shule hii, na madaftari yake sikuwahi kuyafungua, kwa kuwa fomu zilikuwa safi.

Tukaanza kuita majina darasani. Baadhi waliitika. Kwa majina mengi watoto walitazamana. Kuna jina moja niliita mara tatu, kumbe mtoto yupo mbele yangu, ila nyumbani anaitwa jina jingine na hajawahi kulizoea la shule. Wenzake wakamcheka na mimi nikacheka. Baada ya hapo sikucheka tena. Watoto waliokosekana, nilipouliza wanakaa wapi, jibu lilikuwa lilelile: ng'ambo. Kulikuwa na kitongoji upande wa pili wa mto, na maji yakijaa hakuna pa kupita.

Mwalimu Nassoro alituomba tuingie ofisini kwake, akafunga mlango. Hakukana. Alisema watoto wa ng'ambo huanza la kwanza, wakifika la tatu au la nne masika inawazuia wiki nyingi, wakirudi wameachwa nyuma, kisha hawarudi. Akiwaondoa kwenye fomu idadi inashuka, na idadi ikishuka anachukuliwa mwalimu mmoja. Walimu walikuwa wanne kwa madarasa saba. "Ningewafuta wale," alisema, "ningewaumiza na hawa waliobaki."

Nilikasirika, tena sana, kwa sababu nilikuwa nimeaibika mbele ya wageni wangu. Nikamwambia nitaandika taarifa. Bwana Hemedi akanigusa bega, akasema kwanza tuvuke mto tuwaone hao watoto.

Maji yalikuwa yameshapungua, tukavuka tumekunja nguo, Bi Mwantumu ameshikwa mkono huku na huku. Ng'ambo tulikwenda nyumba kwa nyumba na orodha. Wazee wa pale walichanganya Kikwere, Bwana Hemedi akatutafsiria kwa kuwa ni lugha ya mama yake. Watoto tuliwakuta, mmoja anapalilia, mwingine amembeba mdogo wake, wengine walishakua na kwenda kutafuta kazi. Kila mmoja tulimwandika: anaitwa nani shuleni, anaitwa nani nyumbani, aliacha darasa gani, kwa nini. Lilikuwa jambo dogo kabisa, lakini nilihisi kama ninaona watu wakitoka ndani ya karatasi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Siwema, mama wa makamo, anapepeta mpunga. Nikamsalimia, nikamsomea jina la binti yake kwenye orodha, Asha. Ungo ukasimama mikononi mwake.

Akasema Asha alichukuliwa na maji, masika ya mwaka juzi, asubuhi, akienda shule.

Bi Mwantumu ndiye aliyesema innalillahi, na sisi tukafuatia. Kisha Bi Siwema akanyoosha kidole kwenye daftari langu, akauliza kwa upole kabisa, bila shari, "Humo mmemwandika yuko wapi?"

Nilitazama ukurasa nikitamani usomeke vingine. "La tano," nikasema.

Mtoto alikufa akiwa darasa la tatu. Mwaka uliofuata fomu ilimhesabu la nne, na mwaka uliofuata tena la tano, na safu zilifunga, na mimi nikaweka sahihi. Nilimpandisha marehemu darasa mara mbili. Mama yake aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari za ndugu wa mbali, kisha akatuletea maji ya kunywa. Nguvu ile aliyoipata ya kutuletea maji naistaajabia mpaka leo.

Njiani kurudi, Mwalimu Nassoro, aliyekuwa ametusubiri ukingoni, alituambia alikuwepo mazikoni. "Mwanzoni sikuwa na moyo wa kulikata jina lake," alisema. "Baadaye nikawa na sababu ya kutolikata." Hasira yangu iliisha palepale. Nilijua nani alimsifu hadharani mwaka hadi mwaka.

Sasa, wanangu, mtadhani wafanyabiashara walitoa madawati mambo yakaisha. Umoja wao uliomba nafasi kwenye kikao cha kamati ya madiwani inayoshughulikia elimu. Mkuu wangu wa idara aliposikia alinitaka niandae taarifa "yenye uwiano", nanyi mtakutana na neno hilo. Alitaka niseme kuna changamoto ndogo za uingizaji wa takwimu. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, na nilipiga hesabu zote za woga.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa kuliko kawaida, maana wenye maduka, wa nyumba za wageni na wa samaki walikuja wote. Bwana Hemedi alisimama kwanza. Alisema wao si wataalamu wa elimu, lakini ndio wanaowapokea watoto hawa wakitoka shule, na wanapokea kitu ambacho karatasi zinasema hakipo. Alisema madawati wameshatoa mara nyingi, leo wamekuja kuomba ukweli. Diwani mmoja akataka mwalimu mkuu aliyedanganya atajwe na achukuliwe hatua. Bwana Hemedi akamjibu hivi, na mimi niliyaandika maneno yake: "Kwangu kiwandani, mfanyakazi akija kuniambia chumvi imeharibika nikamfukuza, sitasikia tena habari ya chumvi kuharibika. Nitaisikia kwa wagonjwa."

Kisha akasimama Bi Mwantumu. Yeye kusoma alijifunza ukubwani, na hakuwa mwepesi. Mjukuu wake alikuwa amemwandikia majina ya watoto wa ng'ambo kwa herufi kubwa. Akaweka kidole kwenye jina la kwanza, akasoma. Akashuka la pili. Alisoma jina, darasa aliloachia, na sababu, akikwama, akirudia, akiendelea, na hakuna aliyemharakisha. Nimehudhuria vikao vya kila aina, nimesikia taarifa zikisomwa na watu wenye shahada tatu. Sijawahi kuona ukumbi ukinyamaza namna ile kwa ajili ya orodha. Wanaume wazima waliinamisha vichwa. Alipofika kwa Asha alisema tu, "Huyu maji yalimchukua, lakini serikalini bado anasoma," akakaa.

Nikasimama. Nilisema kwamba takwimu zile zilipita mikononi mwangu, sahihi ni yangu, na kwa miaka mingi nilikuwa ninanyoosha safu zifunge. Nilisema nataka kila fomu ije na orodha ya majina, na kila jina liandikwe kitongoji anacholala mtoto, ili siku nyingine mto uonekane kwenye karatasi. Nilipokaa, Bi Mwantumu alinishika mkono chini ya meza kama mama anayemshika mtoto sindano ikimwingia.

Sikufukuzwa, kama mnavyoona. Mkuu wangu alininunia miezi kadhaa, tukapeana salamu za mkato, kisha tukazoeana. Mwalimu Nassoro alipewa barua ya onyo akabaki shuleni pake, na walimu wakuu wengine walipoona hakufukuzwa wakaanza kuja ofisini mmoja mmoja, kila mmoja na ng'ambo yake. Idadi yetu mwaka ule iliporomoka. Ofisi ya juu ikapiga simu kuuliza kwetu kumepatwa na nini. Nikajibu hakuna kilichotupata, tumefungua macho tu.

Shule shikizi, tawi dogo la shule ya Mwalimu Nassoro, ilijengwa ng'ambo, vyumba viwili. Wenye maduka ya vifaa walitoa bati na saruji, wananchi mchanga na nguvu zao, halmashauri ikatoa walimu wawili. Ilichelewa. Masika moja zaidi ilipita kabla haijaezekwa, na sikulala vizuri masika ile. Wadogo wa la kwanza hadi la nne sasa hawavuki. Wakubwa bado wanavuka, daraja tunaendelea kulidai, na Bwana Hemedi halali kwa kulidai. Mfumo huu wenu, unaompa kila mtoto namba yake mpaka amalize, ulikuja baadaye kutoka juu. Sisi hatukuuleta, nisijisifu. Ila ulipofika kwetu ulikuta majina yapo tayari.

Kuna jambo moja nimeliacha mpaka hapa. Wiki moja baada ya kikao nilirudi ng'ambo na daftari la darasa pamoja na Mwalimu Nassoro, kwenda kuliondoa jina la Asha. Ningeweza kuliondolea ofisini, lakini nilimwona Bi Siwema ana haki ya kuwepo. Kwenye fomu ya wanafunzi walioacha shule kulikuwa na safu za sababu: uhamisho, utoro, ujauzito, kifo. Ile ya mwisho niliijaza sufuri miaka mingi bila hata kuitazama. Bi Siwema aliketi karibu nami kwenye mkeka, akaniomba nimsomee safu zote. Nikamsomea. Aliposikia neno utoro aliniwekea mkono juu ya mkono wenye kalamu.

"Usimwandike mtoro," akasema. "Alikuwa anakwenda shule."

Nikaweka alama kwenye kifo. Bado mkono wake haukutoka. Nikaelewa kwamba anataka maneno yale yawemo, na fomu haikuwa na nafasi yake. Basi nikayaandika pembeni, nje ya mstari, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika kazini: alikuwa anakwenda shule. Mwalimu Nassoro akaweka sahihi chini, nami nikaweka yangu, na Bi Siwema, ambaye hakujua kuandika, akaomba wino akaweka dole gumba.